Kuhariri bila kuinua mkono

Mtu anayeandika kwa kompyuta hutumia muda mfupi sana kuandika. Muda mwingi huutumia kusoma alichokwisha kuandika, kurudi juu kutafuta jina, kufuta neno, kuhamisha aya, kusahihisha tarehe, kuvunja sentensi iliyokaa vibaya na kuiunga upya. Muulize katibu yeyote wa kikundi cha wakulima. Kikao kikiisha mchana, maneno yote yanaweza kuwa yameingia kwenye kompyuta kabla ya alasiri, lakini muhtasari wenyewe hautoki mpaka usiku. Kazi iko kwenye kurekebisha. Ajabu ni kwamba programu nyingi za kuandikia zimeundwa kinyume cha ukweli huo: vitufe vyote vya katikati ya kibodi, vile vilivyo chini ya vidole, vimepewa kazi ya kuongeza herufi, na kurekebisha kumesukumwa pembeni, kwenye kipanya na kwenye vitufe vidogo vya mishale ambavyo mkono hauvifikii bila kuhama.

Ipo programu moja ya zamani iliyokataa mpango huo. Inaitwa vi, na mrithi wake anayejulikana zaidi leo anaitwa Vim. Nimeisomea hapahapa Lukozi, taratibu, kwa kumtazama aliyeijua na kuiga, na kadiri ninavyoizoea ndivyo ninavyozidi kuiheshimu.

Lukozi ni mahali pa mboga. Ukipanda kutoka Mombo, ukapita Soni na mji wa Lushoto, ukaendelea kwa barabara ya Magamba na Malindi, unafika kwenye soko ambako kabichi, karoti, viazi na nyanya hupakiwa kwenye malori yanayoshuka kwenda Tanga na Dar es Salaam. Nyuma ya kila lori kuna maandishi: nani kaleta magunia mangapi, nani kalipwa, nani bado anadai, bei ilikubaliwa lini na mbele ya nani. Kazi yangu katika kikundi chetu ni kuyaweka sawa maandishi hayo, na pembeni huwa naandika makala. Ndiyo kusema siku zangu nyingi zinapita kwenye kurekebisha matini, mengine yangu, mengi ya watu wengine.

Aliyenionyesha njia ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye anatunza seva za watu walioko Dar es Salaam huku yeye akiwa amekaa huku milimani. Miezi ya Juni na Julai, ukungu unapolala mpaka saa nne na baridi inaingia kwenye mifupa, utamkuta amevuta mikono ya sweta mpaka kwenye viganja, vidole vya shahada vikiwa juu ya F na J. Vitufe hivyo viwili vimewekewa kinundu kidogo kwenye karibu kila kibodi ili kidole kivitambue bila msaada wa jicho. Hapo ndipo mikono yake inapokaa, na haiondoki. Nilipoketi karibu naye kwa mara ya kwanza sikuelewa kilichokuwa kikitokea: mstari unatoweka, maneno ndani ya mabano yanafutika na kujazwa mengine, aya ya chini inapanda juu, kielekezi kinaruka kutoka mwanzo wa faili hadi mwisho wake na kurudi palepale kilipotoka. Sauti za vitufe zilikuwa chache kuliko mabadiliko niliyokuwa nikiyaona.

Wakubwa zetu waliwahi kuuona ustadi wa kufanana na huo kwa makatibu waliofundishwa Chuo cha Uhazili Tabora, waliopiga taipu macho yao yakiwa kwenye karatasi ya kunakiliwa, wala si kwenye mashine. Mimi niliwashangaa sana utotoni. Lakini mashine ya taipu ilijua kwenda mbele tu. Kosa lilidai raba, wino mweupe, au karatasi mpya na kuanza upya. Huyu binti anafanya kwa kasi ileile kazi ambayo taipu haikuiweza kabisa, yaani kurudi nyuma.

Siri yake ya kwanza ni kwamba kibodi moja inafanya kazi mbili. Ukifungua Vim unakuwa katika hali ya kawaida, na katika hali hiyo herufi haziandiki chochote. Kila moja ni amri. Bonyeza d na herufi d haitokei, programu inasubiri uiambie ifute nini. Bonyeza w na kielekezi kinaruka hadi mwanzo wa neno linalofuata. Bonyeza b, kinarudi neno moja nyuma. Sifuri inakupeleka mwanzo wa mstari, alama ya dola mwisho wake. Herufi ndogo g mara mbili inakupeleka juu kabisa ya faili, G kubwa chini kabisa. Ukitaka kuandika unabonyeza i, ndipo kibodi inakuwa kibodi ya kawaida. Ukimaliza unabonyeza Esc na kurudi kwenye amri. Waliounda mpango huu waliamua kwamba hali ya kupumzikia iwe ile ya kurekebisha, na kuandika kuwe safari fupi unayokwenda na kurudi. Kwangu uamuzi huo ndio kiini cha sanaa nzima.

Mpango huo ulizaliwa na dhiki. Mwaka 1976, Bill Joy, aliyeiunda vi, alikuwa mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akifanya kazi kwenye terminali iitwayo ADM-3A ya kampuni ya Lear Siegler. Kibodi ya ADM-3A haikuwa na vitufe vya mishale vya peke yake. Mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L. Joy akazitumia hizohizo: h kushoto, j chini, k juu, l kulia. Mpaka leo ziko vilevile, na kwa bahati njema ziko mahali pazuri, maana j inaangukia chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na kushuka ndiko tunakofanya zaidi tunaposoma. Esc nayo ilikuwa pale ilipo Tab kwenye kibodi za sasa, hatua moja tu kutoka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Watengenezaji waliofuata wakaihamishia pembe ya mbali. Ndiyo maana watu wengi wa Vim huipa Caps Lock kazi ya Esc, na wasiotaka kubadili chochote hubonyeza Ctrl pamoja na mabano ya mraba ya kufungulia, ambayo matokeo yake ni yaleyale.

Dhiki ya pili ilikuwa laini. Nyumbani kwake Joy aliunganishwa na kompyuta ya chuo kwa modemu ya baud 300, yaani herufi zipatazo 30 kwa sekunde. Skrini yenye mistari 24 ya herufi 80 inabeba herufi 1,920. Kuichora upya yote kwa kasi hiyo kunachukua zaidi ya dakika moja. Mtu anayefanya kazi kwa namna hiyo hawezi kumudu programu ya kumwagamwaga. Anahitaji amri fupi, herufi moja au mbili, na skrini inayobadilika pale tu panapohusika. Mpwa wangu anayaelewa haya bila kusimuliwa. Mtandao ukiyumba, kama unavyoyumba huku milimani mvua zinapokuwa kubwa, wenye kurasa za picha na vitufe vya kubofya wanakaa kusubiri. Yeye anaandika amri zake akijua zitafika, hata kama macho yatayaona matokeo baadaye kidogo.

Lakini uchache wa herufi si jambo lililonivuta zaidi. Kilichonivuta ni kwamba amri hizi zina sarufi.

Mwanzoni nilikuwa nikifuta herufi mojamoja, nikihesabu kwa macho. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mjomba, usihesabu herufi. Taja kitu chenyewe." Ukitaka kufuta neno, sema d kisha w. Ukitaka kufuta maneno matatu, weka 3 katikati. Ukitaka kubadili neno badala ya kulifuta, d iache, chukua c. Ukitaka kulinakili, chukua y. Vitenzi ni vichache, na vitu vya kutendewa ni vichache: neno, sentensi, aya, mstari, kilichomo ndani ya mabano, kilichomo ndani ya alama za kunukuu, kila kitu mpaka kwenye mkato unaofuata. Lakini kila kitenzi kinakubaliana na kila kitu. Ukijifunza kitenzi kimoja kipya, umeongeza amri nyingi kwa mpigo. Ukijifunza kitu kimoja kipya, vitenzi vyote ulivyonavyo vinakipokea.

Msemaji wa Kiswahili ana kazi ndogo hapa kuliko wengine, kwa sababu ndivyo tunavyosema siku zote. Nitawapikia: ni, ta, wa, pik, i, a. Ondoa wa uweke ku, umebadili mlaji. Ondoa ta uweke li, umebadili wakati. Hakuna anayekaririshwa neno nitawapikia kama kitu kizima. Mtoto anavijua vipande, na siku moja anasema neno ambalo hakuwahi kulisikia, nalo ni sahihi. Siku nilipoandika amri ambayo sikufundishwa na mtu, d pamoja na t na alama ya mkato, nikitaka kufuta mpaka kabla ya mkato, na ikatii, nilifurahi kwa furaha hiyohiyo.

Tena maandishi yetu yanafaidika na programu hii kwa namna ambayo sidhani Bill Joy aliiwazia. Kazi kubwa ya mhariri wa Kiswahili iko mwanzoni mwa maneno. Chukua sentensi ya kwenye kumbukumbu za kikundi: "Wakulima watapima, watafunga, watapakia." Kikundi kikaamua iwe tangazo, wakulima wenyewe waambiwe: mtapima, mtafunga, mtapakia. Kwa kipanya utabofya mbele ya kila neno, utafuta, utaandika, utabofya tena. Kwa Vim, kielekezi kikiwa juu ya w ya watapima, unaandika 2, kisha s, kisha m, kisha Esc. Namba inasema herufi mbili, s inaziondoa na kukuruhusu kuandika, m inaingia, Esc inakurudisha. Wa imekuwa m. Halafu W kubwa, inayoruka hadi mwanzo wa neno linalofuata bila kujali mkato ulioshikana na neno la nyuma. Halafu nukta. Nukta ndiyo amri ninayoipenda kuliko zote, maana yake ni: fanya tena lile ulilolifanya mwisho. Watafunga linakuwa mtafunga. W, nukta, na watapakia linakuwa mtapakia. Ukimsikiliza mpwa wangu akifanya hivyo unasikia mdundo wa sauti mbili mbili, kuruka na kutenda, kuruka na kutenda, mpaka ukurasa umekwisha.

Nukta inakufundisha jambo lingine pia. Ili ikufae, lazima badiliko lako la kwanza liwe safi: lianze pale linapopaswa kuanza na liishie pale linapopaswa kuishia, bila kuchezacheza katikati. Ukiingia kwenye hali ya kuandika, ukaandika neno, ukalifuta nusu, ukazunguka kwa mishale, nukta haitakuwa na kitu cha maana cha kurudia. Kwa hiyo fundi anafikiri kidogo kabla ya kugusa. Anajiuliza: ninachotaka kufanya hapa ni nini hasa, na kitajirudia wapi? Kutua huko ni kufupi, nusu ya pumzi, lakini nikimtazama nakuona. Mikono inasimama, macho yanasoma, kisha vitufe vinne au vitano vinaanguka kwa pamoja.

Mwisho wa neno nao una njia yake. Tuseme umeandika "watakapofika" na ulitaka "watakaporudi". Neno ni refu na kosa liko mwishoni. Ukiwa mwanzo wa neno, bonyeza f mara mbili: f ya kwanza ni amri ya kutafuta herufi kwenye mstari, ya pili ni herufi unayoitafuta. Kielekezi kinatua juu ya f ya fika. Kisha c na w, andika rudi, Esc. Watakapo hukuigusa.

Kwenye orodha ya bei, kila zao lina maelezo ndani ya mabano: karoti (gunia), viazi (gunia, lumbesa), nyanya (tenga). Kielekezi kikiwa popote ndani ya mabano, c, i na alama ya mabano yenyewe vinafuta kilichomo, vinaacha mabano yenyewe yamesimama, na kukuweka katikati tayari kuandika. Siku kikundi kilipotaka kuachana na gunia na kuandika kwa kilo, kwa sababu lumbesa, ule ujazo wa gunia wa kupitiliza, imewaumiza wakulima wa milimani kwa miaka mingi na mzani haudanganyi, amri moja ya kubadilisha faili nzima ilitosha: nukta mbili pacha, asilimia, s, kisha gunia na kilo zikitenganishwa na mikwaju, na mwisho herufi g na c. Hiyo c ni ya kuomba ruhusa. Programu inasimama kwenye kila gunia na kuuliza, nawe unajibu y au n. Kwa Kiswahili usiiache kamwe, maana gunia limo pia ndani ya magunia, na bila c utaamka na orodha iliyojaa "makilo". Ipo namna ya kuiambia itafute neno zima tu, nayo ni nzuri. Lakini kuna magunia ambayo ni magunia kweli, yaliyonunuliwa matupu kwa ajili ya kufungashia, na hakuna amri inayoweza kuyajua. Hapo anahitajika mtu anayesoma.

Sitasema kwamba ni rahisi kuanza. Majuma ya mwanzo mtu anakuwa mzito kuliko alivyokuwa kabla. Mkono unakimbilia kipanya wenyewe, bila kuulizwa. "Mjomba, mkono umetoka tena," mpwa wangu alikuwa akisema bila hata kugeuka. Aliusikia mlio wa kubofya. Ushauri wake ulikuwa mmoja na nauona ni wa busara: usikariri orodha ya amri. Chukua mbili au tatu, zitumie kwenye kazi yako halisi mpaka vidole vizijue kuliko wewe, kisha ongeza nyingine. Leo hii nikiulizwa ghafla ni kitufe gani kinaruka aya moja mbele, inabidi niiweke mikono juu ya meza na kuitazama inakwenda wapi. Ni mabano ya mkunjo ya kufungia.

Wapo wataalamu wakubwa walioikataa njia hii, na hoja yao ni nzito. Larry Tesler, aliyefanya kazi Xerox PARC miaka ya 1970 na baadaye Apple, na ambaye pamoja na Tim Mott alitengeneza Gypsy, programu iliyoanzisha kukata, kunakili na kubandika kama tunavyokujua, aliamini kwamba kitufe kinapaswa kuwa na maana moja wakati wote. Hali mbili, alisema, humchanganya mtu. Aliliamini jambo hilo kiasi kwamba gari lake lilikuwa na namba iliyosomeka NOMODES. Alifariki Februari 2020, na kila anayebandika neno kwenye simu yake ana deni kwake. Naona Tesler alikuwa sahihi kwa mtu anayeandika barua mbili kwa mwaka; huyo hana sababu ya kujifunza sarufi nzima. Lakini kwa mtu ambaye matini ndiyo kazi yake ya kila siku, karani, mwalimu, mtafsiri, mwandishi wa programu, hali mbili zikishazoeleka hazichanganyi tena. Huyo anajua yuko hali gani kama anavyojua amesimama au amekaa.

Nisichokubaliana nacho ni tabia ya vijana wengi wanaoanza kwa kuipamba. Wanapakua nyongeza kumi, rangi mpya, picha za kila aina, kabla hawajaijua nukta. Mpwa wangu hutumia Vim tupu au karibu tupu, kwa sababu kesho anaweza kuingia kwenye seva asiyoijua, na humo atakuta vi ile ya kawaida. Iko karibu kwenye kila kompyuta ya jamii ya Unix, kuanzia Linux hadi zile za Apple, na imeandikwa kwenye kanuni za POSIX kama sehemu ya mfumo. Hata simu ya Android inaweza kuipokea kupitia programu ya Termux. Ustadi usiotegemea mapambo unasafiri nawe.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa huku wataliona haraka kuliko watu wa miji yenye umeme wa uhakika. Kompyuta yangu ni ya zamani na betri yake imekufa; umeme ukikatika, inazima papo hapo. Vim, unapohariri, huweka pembeni faili ndogo ya akiba na kuiandika kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa sekunde 4. Umeme ukirudi na ukafungua faili yako, inakuambia kwamba imekuta akiba ya kazi ambayo haikuhifadhiwa, na kukuuliza ufanye nini. Bonyeza r, maandishi yako yanarudi. Sijui kama waliobuni jambo hilo waliwahi kukaa mahali kama Lukozi, lakini walifanya kana kwamba waliwahi.

Nasema hivyo kwa sababu aliyeitengeneza Vim aliifahamu Afrika Mashariki. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyezaliwa 1961, alitaka kitu cha kufanana na vi kwenye kompyuta yake ya Amiga. Toleo lake la kwanza lililosambazwa kwa umma lilitoka Novemba 1991, kwenye diski namba 591 ya mkusanyiko wa programu za Amiga wa Fred Fish. Vi ya asili ilikuwa na kutendua kwa hatua moja tu: ukibonyeza u mara ya pili, ilirudisha ulichotendua. Moolenaar akaifanya u irudi nyuma hatua kwa hatua, akaongeza mengi mengine, na akaendelea kuitunza kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, eneo la Rakai, jirani kabisa na mpaka wa Tanzania. Rakai ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa mapema na vibaya zaidi na Ukimwi, na yatima walikuwa wengi. Aliporudi kwao alianzisha shirika la ICCF Holland la kukisaidia kituo hicho kwa ada za shule, chakula na matibabu.

Vim yenyewe hakuiuza. Aliigawa bure, na akaomba kwamba anayeridhika nayo atoe chochote kwa ajili ya watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi, mtu yeyote duniani aliyefungua Vim bila faili, awe kwenye maabara ya California au ofisi ya Tokyo, aliweza kukuta kwenye skrini yake mstari unaomwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Amefungua chombo cha kazi, na hapohapo anakumbushwa watoto wa jirani zetu. Sijaona programu nyingine iliyobeba jina la mahali petu kwa heshima na kwa manufaa ya kweli namna hiyo. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, waliobaki wakiitunza walilitoa kwa kumbukumbu yake.

Nikimtazama mpwa wangu sasa, najua ninachokiona. Ni wepesi uliotokana na kurudia kwingi, na kurudia huko kumeegemea uamuzi wa mwanafunzi mmoja mwenye laini ya polepole, na uvumilivu wa Mholanzi mmoja aliyekirekebisha chombo kilekile miaka 30 bila kuchoka. Dada yangu akipita na chai hudhani binti anacheza.

Kama maandishi ndiyo kazi yako, nakuomba ujaribu. Kwenye kompyuta yenye Linux na Vim, fungua terminali na uandike vimtutor. Ni somo lililoandikwa ndani ya Vim yenyewe, la nusu saa hivi, na linatumia nakala tu, kwa hiyo hakuna utakachoharibu. Weka kipanya mbali na meza. Fanya kila zoezi kwa vidole, usilisome kwa macho tu ukapita. Ukikwama na usijue uko hali gani, bonyeza Esc, andika nukta mbili pacha, q na alama ya mshangao, kisha Enter. Itafunga, na kesho utaanza tena.